Mtani Aliyemwaga Maji ya Msiba

Mimi Mwanamkuu sijui kukaa. Hata kusimulia siwezi nikiwa nimetulia kwenye mkeka, kwa hiyo mkiniona nainuka, nachungulia nje, narudi, msiniulize kuna nini. Hakuna kitu. Mwili wangu ndivyo ulivyo tangu mwaka ule wa kipindupindu, na nikimtaja Marselina ndiyo unazidi.

Marselina alikuwa jirani yangu na mtani wangu. Mimi Mzaramo wa hapa hapa Masaki ya Kisarawe, yeye Mnyamwezi wa upande wa Ndala, huko Tabora, na makabila yetu mawili yanataniana toka enzi za mababu. Asubuhi akipita mlangoni kwangu na ndoo kichwani alikuwa ananiita, "Mtumwa wangu, bado umelala?" Nami namrudishia, "Mtumwa ni wewe, uliyekuja kwa miguu toka Tabora kunichotea maji!" Anacheka mpaka maji yanammwagikia mabegani. Salamu zetu zilikuwa hizo. Shikamoo hakuna, habari za asubuhi hakuna.

Alikuja huku kumfuata mumewe, Leodegar, Mnyamwezi mwenzake, kibarua wa shamba la mkonge upande wa Soga. Leodegar alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye kupenda kukubalika na watu. Ukimwambia beba, anabeba, ukimwambia imba, anaimba. Mkonge ulipodorora wakapunguzwa kazi. Ilikuwa ndio wakati wa operesheni ya vijiji, basi wakapewa kiwanja kwetu. Na sisi wenyewe tulikuwa wageni pale pale! Tuliambiwa tuhame mabondeni, tukaacha mikorosho yetu na kisima chetu cha mawe, tukapangwa mstari mmoja kando ya barabara kama watoto wa shule. Bomba la maji litakuja, tuliambiwa. Wakati tunalisubiri bomba, tulikuwa tunachota lamboni. Lambo lile maji yake yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Mbuzi walikunywa humo, watoto wakaogelea humo, nguo zikafuliwa humo, na mtungi ukajazwa humo humo.

Sasa huyu Marselina alikuwa anapika maji. Ndiyo, anapika! Anayachuja kwa kitambaa, anayatia kwenye debe, anachochea moto mpaka yatokote hasa, halafu anayaepua, anayafunika, na yakipoa ndiyo anayatia mtungini. Kikombe cha kuchotea kilikuwa na mpini mrefu, cha kunywea kilikuwa mbali, na ukijisahau ukatumbukiza mkono kwenye mtungi wake, anakuswaga kama kuku aliyeingia jikoni. Kijiji kizima kilikuwa na jambo la kuchekea. "Mnyamwezi kaishiwa mboga, leo kapika maji!" "Ameyatia nazi?" "Ameyatia chumvi?" Maji yake tuliyaita maji mafu, kwa sababu ukiyanywa hayana ladha, yamelala tu mdomoni. Kwetu maji ya moto yalikuwa na kazi zake mbili: kumkanda mzazi na kumwosha maiti. Ya kunywa yanatoka kwenye mtungi uliofukizwa ubani, ya baridi, yananukia, na kwa kuwa yananukia tulijua ni safi. Nani angekuja kutuambia vingine?

Siku moja tu aliniambia sababu. Tulikuwa tunachambua mchicha. Akasema, "Mwanangu wa kwanza alikuwa anaitwa Stellamaris. Alinifia kambini kule kwenye mkonge, kwa kuhara. Tulikuwa tunachota maji mtaroni. Sista wa zahanati akaniambia, mama, maji chemsha. Aliniambia hayo mtoto keshazikwa." Nikaacha kuchambua. Yeye akanitazama, akanitupia shina la mchicha usoni. "Haya, nenda kaoge, Mzaramo, unanuka." Ndivyo alivyokuwa. Maumivu yake aliyafunga kwenye utani kama kitumbua kwenye gazeti, na wewe unapokea unacheka.

Na hilo ndilo lililokuwa tatizo lake. Mtani haaminiki. Kwenye mkutano wa kijiji alisimama akasema, "Jamani, chemsheni maji, mtakufa," na watu wakaangua kicheko, wakapiga makofi, mmoja akamjibu, "Utangulie wewe utuandalie mahali!" Bwana afya naye alikuja na baiskeli, akasema yale yale. Huyo hatukumcheka, tulimwitikia ndiyo bwana, ndiyo bwana. Akapanda baiskeli yake akaenda, nasi tukaenda lamboni.

Basi kaka yangu Maneno akarudi kutoka Rufiji, alikokwenda kuwatazama wakwe zake. Akarudi na tumbo. Sijawahi kuona tumbo kama lile. Alikuwa anatoka maji matupu, meupe kama maji ya kuoshea mchele, macho yakaingia ndani, ngozi ikalegea, kwa siku moja mtu akawa mzee. Kabla hatujapata hata gari la kumpeleka hospitali, alikata roho. Mkewe, Sikuzani, alichukua mashuka yake akayafua wapi? Lamboni. Alaa, angeyafua wapi kwingine? Hakuna aliyejua ugonjwa ule jina lake. Tulisema amerogwa Rufiji.

Marselina alimwona Sikuzani akifua. Alikuja mbio uani kwa marehemu, mimi nalia, akanishika mkono. "Mwanamke, maji ya lambo leo msinywe. Msinywe kabisa." Nikamsukuma. Nikamwambia, "Hata leo? Hata kaka yangu hajaoshwa?" Nilidhani kaanza utani wake wa msibani, maana mtani msibani ana haki zake, na nitawaambia sasa hivi haki hizo ni zipi. Alitaka kusema kitu, akaona sura zetu, akaondoka.

Mimi siku ile nilikuwa na hofu yangu nyingine. Binti yangu Biasha, aliyeolewa Kongowe ya Kibaha, alikuwa mjamzito, mimba ya kwanza, tumbo limeshashuka. Tulimtumia habari kwamba mjomba wake amefariki. Kwetu mjomba si mchezo. Ukikosa kumzika mjomba wako utasemwa mpaka uzeeni. Nilijua atakuja. Nilijua atakuja kwa lori la mkaa mpaka njia panda, kisha atembee juani na tumbo lile. Nilikuwa naingia ndani, natoka, naangalia barabara, naingia, natoka. Wanawake wananiambia, "Mwanamkuu, keti, unatutia kizunguzungu." Nikaketi. Nikainuka tena.

Jua likapanda. Wanaume walikuwa makaburini wanachimba, na Leodegar alikuwa pamoja nao, maana alikuwa na mikono ya jembe na hakuna kaburi lililochimbwa kijijini bila yeye. Uani wanawake walikuwa wengi. Mitungi mitatu ilikuwa imejazwa kutoka lamboni, imepangwa kivulini, kata moja ya kifuu mkononi mwa wa kwanza, huyu akichota, mwenzake akimsubiri kumpokea. Mkusanyiko ndiyo kwanza ulikuwa unaanza kuona kiu.

Hapo ndipo Marselina alipoingia. Kajifunga kanga kiunoni, kajipaka majivu usoni, kavaa kofia ya mumewe nyuma mbele. Wanawake wakaanza kucheka wakiwa bado wanafuta machozi. Kaja mtani!

Wasiojua niwaeleze. Msibani mtani anaruhusiwa. Anaweza kulala kaburini akakataa kutoka. Anaweza kuchukua jeneza, kumtukana marehemu, kuvunja sahani. Huruhusiwi kumkasirikia, na maiti haitoki mpaka mtani alipwe fidia yake, akisha kulipwa anaacha, na mambo yanaendelea. Kwa kawaida anataka kuku, au kanga, au chochote cha kuchekesha.

Marselina alikwenda moja kwa moja kwenye mitungi. Akaushika wa kwanza kwa shingo, akaupindua. Maji yote chini, yakatiririka mpaka chini ya mikeka. Akapindua wa pili. Akapindua wa tatu. Akamnyang'anya mwanamke mmoja kata iliyokuwa imefika midomoni, akaikalia.

Uani kukawa na kelele! Wengine wanacheka, wengine wameng'aka, Sikuzani analia, "Mitungi yangu!" Mimi damu ilinichemka. Nikamwendea. "We mtumwa mwana mtumwa, hayo maji tumeyabeba kwa vichwa vyetu!"

"Mmeyabeba, nimeyamwaga," akasema. "Nataka fidia."

"Sema unachotaka uondoke!"

"Sitaki kuku. Sitaki kanga. Nataka mnipikie maji. Madebe yote mliyoazima ya kupikia wali, yajazeni, yatokote. Na mtu asinywe tone mpaka niseme."

Mke wa Mzee Jumbe, mzee wa kijiji, naye ndiye mkubwa wetu wanawake sote, akasimama. Ndani walikuwa wameinjika maji ya kumwosha marehemu, akanyoosha kidole kule kwenye moto. "Unataka kutunywesha maji ya maiti?"

"Ndiyo, bibi," Marselina akajibu. "Si mshakufa ninyi? Mnasubiri kuoshwa tu."

Watu wakacheka wee, mpaka Mzee Jumbe mwenyewe akaja kutoka barazani walikobaki wazee kuuliza kuna nini. Alipoelezwa akatikisa kichwa. Alikuwa amechoka, na marehemu alikuwa anasubiri. "Mpeni fidia yake," akasema. "Mtani hajaridhika, maiti haitoki. Leteni kuni."

Basi zikaletwa kuni. Mimi nasonya, wenzangu wanasonya, tunayajaza madebe, moto unawaka juani, jasho linatutoka kwa kupika maji! Upuuzi mtupu, nilisema. Na katikati ya upuuzi huo ndipo Biasha alipotokea.

Nilimwona kwa mbali, kashika kiuno. Midomo imekauka imekuwa myeupe. Alifika, akaniangukia mikononi, akamlilia mjomba wake kwa sauti, kisha sauti ikakatika. Akasema, "Mama, maji."

Maji hakuna. Mitungi mikavu, madebe yanatokota. Nikatazama huku, nikatazama kule. Nikachukua kibuyu, nikasema nakimbia lamboni narudi sasa hivi. Marselina akanizuia njia. Nikamsukuma, hakusogea. Nikampiga kibuyu begani, hakusogea.

"Mwanangu ana kiu!" nilipiga kelele.

"Najua."

"Ana mimba, we mwanamke, atanizimikia hapa!"

"Mwache akae na kiu," akasema, polepole, ananitazama machoni, na majivu usoni mwake yalikuwa yamepata mistari ya maji. "Kiu inasubiri. Mashuka ya kaka yako yamefuliwa kwenye maji yale. Mimi nilimpa wangu maji kwa sababu alilia."

Ndipo nilipoelewa kwamba hakuwa anatania hata kidogo, tangu asubuhi hakuwa anatania, na ile kofia na yale majivu yalikuwa ni njia pekee tuliyomwachia. Nikaketi chini. Mimi, nikaketi. Nikamlaza Biasha mapajani, nikampepea na upande wa kanga, yeye ananililia maji na mimi namwambia bado, mama, bado, na sikumbuki mateso kama yale, hata kuzaa. Tukayamimina maji kwenye masinia yapoe upesi. Watu wanapepea masinia ya maji, msibani, utadhani tumerukwa na akili. Yalipopoa kiasi, Marselina akachota kwa kikombe chake cha mpini, akamimina kwenye kikombe kingine, akampa Biasha wa kwanza. Biasha akanywa, akakunja uso. "Mafu haya," akasema. Akaomba tena, na tena.

Tulikunywa sote. Na Marselina akajaza kibuyu, akamwambia kijana mmoja, "Wapelekee wachimbaji."

Yule kijana akasema, "Wale wana maji, mama. Walichota lamboni tangu asubuhi wakati wanaanza."

Nilimwona akisimama na kibuyu mkononi. Akaniambia, "Leodegar hanywi. Anajua." Akasema tena, "Anajua." Akaondoka mwenyewe kwenda makaburini, anatembea upesi upesi, mkono umeshika kofia.

Leodegar alikuwa amekunywa. Alimwambia mkewe mwenyewe, jioni: walikuwa wanapokezana jembe, kibuyu kinazunguka, kikamfikia. Akasema mimi baadaye. Wenzake wakamcheka, "Huyu anasubiri maji mafu ya mkewe." Basi akapokea akanywa, mafunda tu, ili waache kumcheka. Nyumbani miaka yote alikunywa ya kuchemsha bila kosa. Mbele za watu akaona aibu.

Siku zikapita, sisi tukawa tunamsomea marehemu hitima. Uani kwa Maneno watu wamejaa tena, kumetulia, ubani unafuka. Biasha alikuwa mzima, tumbo lake lilikuwa zima, na kila asubuhi nilimkagua kama mtu anavyokagua yai. Tukasikia sauti ya Marselina barabarani. Alikuja mbio, miguu mitupu, kanga imelowa.

"Nisaidieni! Leodegar anakufa!"

Mtu mmoja kwenye mkeka akasema, "Leo fidia gani, Mnyamwezi? Tukupikie mawe?"

Uani wakacheka. Wote! Wale waliokuwa wamelia wakacheka, waliokuwa wamechoka wakacheka, maana tulikuwa tumekaa na huzuni siku nyingi na mtani kaja kutuondolea. Marselina akarudia, "Anaharisha kama Maneno, nisaidieni," wakazidi kucheka. Alifungua mikono. Alizunguka anatafuta uso mmoja. Akaniona.

"Mwanamkuu," akasema.

Hakuwa amewahi kuniita jina langu. Niliinuka nikapiga yowe ambalo nadhani lilisikika Chole. Niliwatukana pale wakubwa na wadogo, matusi ambayo siwezi kuyarudia mbele yenu, na mbele ya mashehe nikayasema, mpaka kicheko kikakatika. Ndipo wanaume wakakimbia. Walimbeba Leodegar na kitanda chake cha kamba kumpeleka Kisarawe hospitali, wanapokezana, wanakimbia, na mkewe nyuma anamtilia maji ya chumvi na sukari mdomoni kwa kijiko kila walipopumzika. Alifia njiani, kwenye mteremko. Yeye na mmoja wa wachimbaji wenzake, aliyeugua jioni ile ile, walikuwa wamekunywa kibuyu kimoja; mwenzake aliwahi hospitali, akapona.

Watu wa afya walikuja na dawa zao za kunyunyizia. Walimzika wao, upesi, na mkewe akasimamishwa mbali. Hakuna kuosha, hakuna kukaa matanga, mikusanyiko imepigwa marufuku. Sisi Wazaramo tulikuwa na wajibu wa kumtania Leodegar pale kaburini, ni haki yake, na hatukuruhusiwa hata kusogea. Mzee Jumbe alisimama barabarani akajaribu kupaza sauti amwite mtumwa, akaanza kulia kama mtoto.

Kesho yake asubuhi na mapema nikaenda kwa Marselina na kikombe cha maji. Alikuwa ameketi kizingitini. Hakuwa amelala. Macho yake yalikuwa kwenye mstari wa nyumba zetu, na juu ya kila jiko kulikuwa na moshi, kuanzia nyumba ya kwanza mpaka ya mwisho.

"Wanapika nini wote, saa hizi?" akaniuliza.

"Maji," nikamwambia.

Mimi nasimama, nahamisha mguu, nataka kuondoka, nataka kubaki, na kikombe bado ninacho mkononi.

"Sauti yangu ni ile ile, Mwanamkuu," akasema. "Ni hii hii niliyokuwa nayo siku zote."